Programu za kukagua video zipimwe kwanza kwa uaminifu wa fremu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nichangie mjadala ulioibuliwa na makala ya ukurasa wenu wa teknolojia kuhusu vipengele vipya vinavyoongezwa kwenye programu za kuchezesha na kukagua video. Mwandishi alieleza vizuri yale yanayovutia macho: maandishi yanayojiandika kutokana na sauti, muhtasari wa maoni unaotengenezwa na akili mnemba, vikao ambavyo watu walio mbalimbali hutazama picha moja kwa wakati mmoja, na michoro inayochorwa kwa kidole juu ya skrini. Nakubaliana naye kwamba mambo hayo yameturahisishia kazi sisi tunaohariri video. Hata hivyo, makala ilipita bila kuuliza swali ambalo kwa maoni yangu lilipaswa kutangulia mengine yote: je, programu inapokuonyesha fremu, yaani moja ya picha tuli zinazofuatana kuunda video, ni kweli hiyo ndiyo fremu iliyomo kwenye faili, na je, maoni uliyoandika juu yake yatakutwa palepale kesho na keshokutwa, hata yakifunguliwa kwenye mashine nyingine?

Wengi wetu tunaifahamu video kwa kuitazama tu, na kwa mtazamaji wa kawaida programu yoyote inayocheza faili bila kukwama inatosha. Programu hizo zimeundwa kwa kusudi hilo. Mashine ikizidiwa, ama kwa sababu picha ni kubwa mno au kwa sababu kichakataji kina shughuli nyingine, programu huiacha sauti iendelee kwa mwendo wake na kuruka fremu kadhaa ili picha isibaki nyuma ya sauti. Mtazamaji hatambui, wala hana haja ya kutambua. Mkaguzi yuko katika hali tofauti kabisa, kwa kuwa ameketi hapo kutafuta kasoro, na kasoro yenyewe mara nyingi imejificha ndani ya fremu moja. Programu ikiiruka fremu hiyo, mkaguzi ataidhinisha kazi yenye kosa huku akiamini kwa moyo wake wote kwamba ameiangalia. Ndiyo maana programu za ukaguzi zilizokomaa humpa mtumiaji namna mbili za kucheza: ya kwanza hufuata saa hata kama fremu zitarukwa, na ya pili hucheza kila fremu hata kama mwendo utapungua na sauti itaachana na picha. Programu ya RV, ambayo imetumika kwa muda mrefu katika studio za athari za picha na za vibonzo, inazo namna hizo zote mbili. Ningependa kipengele hicho kiwe sharti kwa kila programu inayojiita ya ukaguzi, pamoja na kaunta ndogo pembeni ya skrini inayotaja ni fremu ngapi zimerukwa tangu uchezaji uanze, ili mkaguzi ajue kuna alichokosa kukiona.

Anayefuatilia kandanda ataelewa jambo hili hata kama hajawahi kuhariri video. Mwamuzi msaidizi wa video anapochunguza kama mchezaji ameotea, hatua yake ya kwanza ni kuchagua fremu ambayo mguu wa mpiga pasi umeugusa mpira. Kamera inayonasa fremu 50 kwa sekunde huacha pengo la sekunde 0.02 kati ya fremu moja na inayofuata, na mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde husogea sentimita 16 ndani ya pengo hilo. Sentimita hizo zinatosha kulikataa bao au kulikubali. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2022 nchini Qatar, mpira uliwekewa kihisi kilichotuma taarifa mara 500 kwa sekunde, ili wakati wa mguso usitegemee fremu za kamera peke yake. Kazi zetu za kila siku hazina mashabiki wa kutupigia kelele, lakini uamuzi unaofanywa juu ya fremu isiyo sahihi ni uamuzi usio sahihi, iwe uwanjani, iwe katika chumba cha kuhariria, iwe kwa mtafiti anayechunguza ishara za mikono za viziwi.

Nitoe mfano kutoka kwenye kazi yenyewe. Mhariri anapokata na kuunganisha klipu, wakati mwingine hubaki fremu moja ya klipu iliyoondolewa, imenasa kwenye makutano. Katika video ya fremu 25 kwa sekunde, fremu hiyo huonekana kwa milisekunde 40. Mtazamaji huhisi kitu kimemulika na kupotea, lakini hawezi kusema ni nini. Kabla ya programu hizi, mteja alikuwa akituandikia ujumbe kwamba dakika ya pili na sekunde ya kumi na nne picha inashtuka, nasi tukaanza kupekua. Sekunde moja ina fremu 25, na kwa kuwa mtu husitisha video baada ya kushtuka wala si wakati uleule, ilibidi kupekua pia sekunde iliyotangulia na hata ile ya kabla yake. Sasa mteja hurudi nyuma kwa kitufe cha mshale, fremu baada ya fremu, hadi anaukuta uso wa mtu ambaye hakupaswa kuwemo, anauzungushia duara jekundu, anaandika “huyu aondolewe”, na mhariri akibofya maoni hayo anafikishwa kwenye uso uleule. Nikiulizwa ni kipengele kipi kimenipunguzia mzigo kuliko vyote, nitataja hicho bila kusita.

Lakini tazama kinachotokea pale programu inapoyahifadhi maoni kwa sekunde iliyokadiriwa badala ya namba kamili ya fremu. Mteja amechora duara juu ya uso. Mhariri anafungua maoni na kuletewa fremu ya jirani, ambayo ni safi. Duara jekundu linaelea juu ya ukuta mtupu. Mhariri anajibu kwamba haoni tatizo lolote, mteja anahisi anadharauliwa, na wote wawili wanasema kweli kadiri ya kile kilichoonyeshwa mbele yao. Nimeshuhudia uhusiano mzuri wa kikazi ukiingia doa kwa jambo la namna hii, na hakuna muhtasari wa akili mnemba ungeweza kuuokoa, kwa sababu muhtasari nao ungejengwa juu ya fremu isiyo sahihi.

Kurudi nyuma kwa fremu moja kunaonekana jambo dogo, na bado kumezishinda programu nyingi zinazosifiwa. Sababu yake iko kwenye namna video inavyobanwa. Katika mifumo kama H.264, iliyotoka mwaka 2003, na HEVC iliyoifuata mwaka 2013, si kila fremu huhifadhiwa nzima. Huhifadhiwa fremu kamili moja, kisha zinazofuata hueleza tu kilichobadilika, na baadhi yake hutegemea hata fremu zilizo mbele yake. Programu ya kubana ya x264, isipopewa maelekezo mengine, huruhusu hadi fremu 250 kati ya fremu kamili moja na nyingine, yaani sekunde 10 nzima kwa video ya fremu 25 kwa sekunde. Kusonga mbele ni rahisi, kwa kuwa programu inaendelea pale ilipofikia. Kurudi nyuma kunailazimu iifuate fremu kamili iliyo mbali huko nyuma na kuzifumua upya, yaani kuzirudisha kuwa picha kamili, zote zilizo katikati hadi ifike inapotakiwa. Ndiyo sababu VLC, programu huru iliyozaliwa kutokana na mradi wa wanafunzi nchini Ufaransa mwaka 1996 na ambayo hufungua karibu kila aina ya faili, kwa miaka mingi ilikuwa na kitufe cha kusonga mbele fremu moja bila kuwa na cha kurudi nyuma. Silisemi hili kwa kuilaumu, kwa sababu haikuundwa kwa ajili ya ukaguzi na imewafaa watu wengi mno. Nalisema ili msomaji aone kwamba mshale unaorudi nyuma mara moja bila kusita ni matokeo ya kazi kubwa ya kihandisi, na unastahili kusifiwa kuliko rangi mpya za menyu.

Dawa inayotumika ni kuzifumua fremu mapema na kuziweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Hapo tena hesabu ni nzito. Fremu moja ya pikseli 1920 kwa 1080, ikihesabiwa baiti 3 kwa kila pikseli, hula takriban megabaiti 6.2, sekunde moja ya fremu 25 hula megabaiti 155, na kwa picha ya 4K, yaani ya pikseli 3840 kwa 2160, hula megabaiti 622. Gigabaiti 8 za kumbukumbu hubeba basi sekunde 50 hivi za picha ya kwanza, na sekunde 13 hivi za picha ya pili. Kwa sababu hiyo nakipenda sana kipengele kinachomruhusu mkaguzi kuchagua kipande kifupi, kukipakia chote, kisha kukizungusha mbele na nyuma bila kikomo. Kwa ukaguzi wa mjongeo wa mdomo na sauti, au wa kiungio kimoja kinachotia shaka, kipande kifupi kinachocheza kwa uaminifu kina faida kuliko saa nzima inayocheza kwa kubahatisha.

Namba za fremu nazo zina mtego wake, na ingefaa makala ya gazeti iueleze kwa wasomaji. Taimkodi, ile saa inayosomeka kwa saa, dakika, sekunde na fremu, haihesabiwi kwa namna moja duniani kote. Marekani ilipoidhinisha mfumo wa televisheni ya rangi mwaka 1953, mwendo wa picha ulishushwa kidogo kutoka fremu 30 kwa sekunde hadi takriban 29.97, na urithi huo tunao hadi leo. Ukihesabu kana kwamba ni 30 kamili, baada ya saa moja taimkodi itakuwa imepishana na saa ya ukutani kwa fremu 108, yaani sekunde 3.6. Ili kulirekebisha hilo ilibuniwa hesabu inayoruka namba 00 na 01 mwanzoni mwa kila dakika, isipokuwa dakika ya sifuri, ya kumi, ya ishirini na kuendelea. Hakuna picha inayotupwa. Zinazorukwa ni namba tu. Sasa programu moja ikihesabu kwa namna hii na nyingine kwa namna ile, maoni yaliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa mwishoni mwa filamu yatatua mahali pengine kabisa. Kuna pia tofauti ndogo zaidi zinazosumbua vilevile: faili nyingi za kitaalamu huanza saa 01:00:00:00 na baadhi ya programu hupuuza mwanzo huo, na fremu ya kwanza huitwa sifuri hapa na moja kule. Programu ikitaja waziwazi inatumia hesabu ipi na kumwachia mtumiaji achague, ugomvi wote huo unaisha kabla haujaanza.

Nije sasa kwenye kulinganisha matoleo, eneo ambalo kwa kweli limepiga hatua. Mtu anaweza kuweka toleo la zamani na jipya pamoja, akavuta mstari katikati ya skrini huku upande mmoja ukionyesha la kwanza na mwingine la pili, au akaagiza programu ikokotoe tofauti kati ya picha hizo mbili ili palipo sawa pawe peusi na palipobadilika pang'ae. Kwa njia hii ya mwisho nimewahi kugundua kwamba nembo iliyokuwa kwenye pembe ya picha imesogea kwa pikseli mbili, jambo ambalo macho yangu peke yake yasingeliona kamwe. Ninachokidai ni kwamba maoni nayo yafuate mabadiliko. Chukua video ambayo mkaguzi ameiwekea maoni thelathini. Mhariri anapunguza fremu 12 kwenye onyesho la pili na kupakia toleo jipya. Kuanzia hapo kila maoni yanayofuata yako fremu 12 mbele ya yanapostahili kuwa, isipokuwa programu ielewe nini kimekatwa na wapi. Programu nyingi huchagua njia ya mkato: ama huyaacha maoni kwenye toleo la zamani ambalo hakuna atakayelifungua tena, ama huyahamisha yote kwa namba zilezile. Hakuna kati ya hayo mawili linalomfaa mtu anayetaka kujua kama agizo lake limetekelezwa.

Suluhisho la kiufundi lipo. OpenTimelineIO, mfumo wa wazi ulioanzia Pixar na sasa uko chini ya Academy Software Foundation, taasisi iliyoundwa mwaka 2018, huandika kwa maandishi yanayosomeka mpangilio mzima wa uhariri: klipu ipi imeanzia wapi, imekatwa wapi, na imeungana na ipi. Programu ya ukaguzi inayosoma mpangilio huo inaweza kuyafunga maoni kwenye klipu yenyewe badala ya kuyafunga kwenye nafasi yake ndani ya filamu, na hapo klipu ikisogea, maoni yanasogea nayo. Taasisi hiyohiyo ndiyo inayolea Open RV, yaani msimbo wa RV uliofunguliwa na kampuni ya Autodesk mwaka 2023, kwa hiyo hata mtayarishaji mdogo wa programu ana mahali pa kujifunzia bila kulipa ada. Mradi kama huo unastahili aya kadhaa katika ukurasa wa teknolojia, na nasikitika kwamba haukutajwa.

Kuhusu rangi nitasema kwa ufupi, ingawa ni chanzo cha malalamiko mengi. Video nyingi za biti 8 huandika weusi kwa namba 16 na weupe kwa namba 235, wakati skrini ya kompyuta inatarajia 0 na 255. Programu ikikosea kuitafsiri faili, nyeusi hugeuka kijivu cha ukungu, au vivuli vyote humezwa na giza. Vilevile video za zamani za ukubwa mdogo hufuata kiwango cha rangi cha BT.601 na zile za HD hufuata BT.709, na kuvichanganya kunabadilisha rangi ya ngozi na ya majani kwa kiasi ambacho mwenye jicho zuri atakiona mara moja. Mkaguzi anayeandika kwamba uso wa mtangazaji umepauka anaweza kuwa anaikosoa programu yake bila kujua. Paneli ndogo inayosema faili inadai kuwa nini na programu imeichukulia kuwa nini ingemaliza mabishano hayo, na si kazi ngumu kuiweka.

Vikao vya kutazama pamoja vilisifiwa katika makala, na ni haki ya mwandishi kuvisifu, lakini hakutofautisha njia mbili ambazo matokeo yake hayafanani hata kidogo. Katika njia ya kwanza, mtu mmoja hucheza video na wengine hurushiwa picha ya skrini yake kupitia intaneti, ikiwa imebanwa upya, na ubora ukipanda na kushuka kwa kadiri ya nguvu ya mtandao. Katika njia ya pili, kila mshiriki anakuwa na faili yake kamili kwenye mashine yake, na kinachosafiri ni amri tu: cheza, simama, nenda fremu fulani, chora mstari huu. Programu ya cineSync ilijengwa juu ya wazo hilo la pili na walioiunda walitunukiwa tuzo ya kiufundi ya Academy, taasisi inayotoa tuzo za Oscar, mwaka 2011. Kwa mazungumzo ya jumla kuhusu mtiririko wa hadithi, njia ya kwanza inafaa na haina maandalizi marefu. Lakini anapoulizwa mtu aidhinishe mng'ao, ukali wa picha, au ulinganifu wa mdomo na sauti, kumwonyesha picha iliyorushwa na kubanwa mara ya pili ni kumwomba ahukumu kitu asichokiona. Programu ingepaswa kumwandikia juu ya skrini kwamba anachotazama ni nakala ya mrusho na si faili asili.

Nafika kwenye akili mnemba. Sina chuki nayo, na maandishi yanayojiandika kutokana na sauti yamenisaidia kutafuta sentensi moja ndani ya mahojiano ya saa mbili kwa muda mfupi sana. Ninachokiogopa ni mashine hiyo kupewa mamlaka ambayo haijastahili. Katika lugha yetu silabi moja mwanzoni mwa kitenzi inatosha kugeuza ndiyo kuwa siyo, na mashine ikiimeza silabi hiyo kwa sababu mzungumzaji alikohoa, msemaji ataonekana ameahidi jambo alilolikataa. Kwa hiyo kila neno lililoandikwa na mashine liwe na njia ya kubofya na kuisikia sauti yake palepale, na yale ambayo mashine yenyewe ina shaka nayo yaonyeshwe kwa rangi nyingine. Muhtasari wa maoni nao una hatari yake. Mwongozaji akiandika kwamba huenda onyesho hili ni refu, tulitazame tena kesho, na muhtasari ukasema onyesho lipunguzwe, mhariri mwaminifu atalikata onyesho ambalo mwenye kazi alikuwa bado analitafakari. Programu inayotoa muhtasari bila kuonyesha kila sentensi imetokana na maoni yapi, ya nani, na kwenye fremu ipi, inampokonya mwongozaji kauli yake.

Lipo pia suala la umiliki wa maoni. Biashara hii imekuwa kubwa: kampuni ya Adobe iliinunua Frame.io, huduma ya mtandaoni ya kukagua video, mwaka 2021 kwa dola za Marekani bilioni 1.275. Fedha hizo zinaonyesha kwamba maoni yanayoandikwa juu ya video yana thamani, nayo ni mali ya walioyaandika. Hata hivyo niliwahi kutumia huduma moja ambayo, usajili ulipokwisha, maoni ya mradi mzima yalibaki nyuma ya ukuta wa malipo, na faili niliyoruhusiwa kuipakua ilikuwa na maneno matupu yasiyo na namba za fremu wala michoro. Maneno “hapa pafupishwe” bila kujua hapa ni wapi hayamfai mtu yeyote. Programu yoyote inayotaka tuiamini inapaswa kuruhusu maoni yote yatoke nje kwa mfumo wa wazi, yakiwa na namba ya fremu, taimkodi, toleo, jina la mwandishi na mchoro wake. Watafiti wa lugha wamelielewa hili zamani. ELAN, programu ya kuandikia maelezo juu ya video na sauti inayotengenezwa na Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia ya Lugha mjini Nijmegen na kutolewa bure, huhifadhi maelezo yote kwenye faili ya maandishi iliyo kando ya video, ambayo mtu anaweza kuifungua hata bila ELAN yenyewe. Na kwa kuwa viungo vya mtandaoni vya kutazamia video hupita mikononi mwa wengi, kila kiungo kiwe na tarehe ya kwisha tangu kinapotengenezwa, bila kumsubiri mtumiaji akumbuke kuiweka.

Kwa hayo, Ndugu Mhariri, nina ombi mahususi kwa ukurasa wenu wa teknolojia. Kabla ya kuisifu programu yoyote ya kukagua video, waandishi wenu waipime kwa jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Watengeneze klipu ya sekunde 10 yenye fremu 25 kwa sekunde, na juu ya kila fremu waandike namba yake kwa herufi kubwa, kuanzia 0 hadi 249. Katikati ya klipu waweke fremu moja nyeupe na mlio mfupi unaoanza nayo. Waifungue kwenye programu, wasonge mbele kwa mshale na kurudi nyuma kwa mshale, na waangalie kama namba iliyoandikwa kwenye picha inalingana na namba inayotajwa na programu, kila hatua, pande zote mbili. Waandike maoni na kuchora duara kwenye fremu ya 137, wafunge programu, wafungue upya kwenye kompyuta nyingine na kwenye simu, na waone duara limetua juu ya namba ipi. Kisha wakate fremu 12 za mwanzo, wapakie toleo la pili, na watazame maoni yale yamekwenda wapi. Mwishowe wayatoe nje na kuisoma faili yake. Jaribio lote halichukui hata nusu ya asubuhi.

Matokeo yake yachapishwe pamoja na namba ya toleo la programu iliyojaribiwa na aina ya mashine iliyotumika, kwa kuwa programu hizi hubadilika kila mara na tathmini ya mwaka jana inaweza isifae mwaka huu. Niko tayari kuiandaa klipu hiyo na kuwaletea bure, pamoja na nyingine ya mwendo wa 29.97 kwa ajili ya kupima hesabu ya taimkodi, na ningefurahi wahariri wenzangu wa video wakijitokeza kupitia safu hii kueleza majaribio ambayo mimi sikuyafikiria.

Wako mtiifu,

Mhariri wa video na msomaji wenu wa siku nyingi